Kufundishia Ndani ya Ulimwengu Pepe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wahadhiri wa Masafa

Ukurasa huu ni wa mhadhiri wa chuo kikuu anayefundisha kwa masafa, awe ametamani mwenyewe kujaribu ulimwengu pepe, yaani mahali palipoundwa kwa kompyuta ambamo watu wengi huingia kwa pamoja kupitia mtandao, au ameagizwa na idara aujaribu.

Ulimwengu pepe una tofauti gani na mkutano wa video?

Mkutano wa video ukifungwa, kinachobaki ni rekodi. Ulimwengu pepe hubaki pale pale hata kama kila mtu ameshatoka: ukuta ulioujenga jana bado upo, kiti kiko ulipokiacha, na mwenzako wa kundi anaweza kuingia wakati wewe umelala akaendeleza kazi ulipoishia.

Kila anayeingia ana avata, yaani umbo linalomwakilisha, na avata hiyo iko mahali fulani. Ukiwasogelea watu wawili unawasikia, ukiwaacha nyuma sauti zao zinafifia. Wengi hulichukulia hili kama pambo, lakini kwa mwalimu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Vikundi vinne vinaweza kuongea kwa wakati mmoja katika pembe nne za uwanja, nawe ukapita kati yao ukisikiliza, ukisimama panapohitajika, ukiondoka bila kuwakatiza. Kwenye mkutano wa video lazima uwafungie watu vyumbani, na ukiingia kila mtu ananyamaza.

Na mchezo wa kompyuta je?

Ulimwengu pepe hauna alama, hatua za kuvuka wala mshindi, isipokuwa wewe mwenyewe uviweke.

Kwani hili halikujaribiwa zamani likashindikana?

Lilijaribiwa, tena mara nyingi, na historia yake inafaa kujulikana kabla hujaomba fedha za mradi. Mwaka 1978 Roy Trubshaw na Richard Bartle wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walianza kutengeneza MUD, ulimwengu wa maandishi matupu ambao watu kadhaa waliweza kuwemo kwa pamoja. Mwaka 1993 Amy Bruckman wa chuo cha MIT, Marekani, alifungua MediaMOO, nao wa maandishi, ili watafiti wa mawasiliano wakutane humo. Active Worlds ikaja mwaka 1995 na picha za pande tatu. Second Life ya kampuni ya Linden Lab ilifunguliwa Juni 2003, na hiyo ndiyo iliyovikokota vyuo vikuu kwa wingi. Mwaka 2006 Charles Nesson wa Harvard Law School na binti yake Rebecca walifundisha humo sehemu ya kozi iliyoitwa CyberOne, na hata watu wasiosajiliwa chuoni waliruhusiwa kuifuatilia.

Kilichofuata ndicho kinachowafanya watu waulize swali hili. Vyuo vilikodi visiwa, yaani maeneo ya kujengea ndani ya Second Life, vikajenga nakala za majengo yao ya kweli, vikaweka ukumbi wenye viti vilivyopangwa mistari na skrini mbele, vikapiga picha za uzinduzi. Baada ya muda visiwa vingi vikawa mahame. Watu huilaumu teknolojia, nami siafikiani nao sana. Mtu anayeweza kusoma maandishi ya mhadhara akiwa kitandani hana sababu ya kuwasha programu nzito ili akae kwenye kiti pepe atazame slaidi zile zile kwa mbali. Vyuo vilijenga majengo kabla ya kuamua mwanafunzi atafanya nini ndani yake. Palipokuwa na kazi ya kufanya, watu walirudi.

Somo gani linafaa?

Fikiria kwanza mwanafunzi atafanya nini mle ambacho kinategemea mahali, ukubwa wa kitu, au kuwepo kwa wenzake. Kama jibu ni "atasikiliza", bakia na video.

Mfano ninaoupenda ni wa Peter Yellowlees, daktari wa magonjwa ya akili katika Chuo Kikuu cha California, Davis. Yeye na wenzake walijenga wodi ndani ya Second Life kutokana na maelezo ya wagonjwa wenye skizofrenia, kazi waliyoichapisha mwaka 2006. Mwanafunzi anatembea kwenye vyumba vya kawaida kabisa. Anasikia sauti zinamsema. Anatazama bango ukutani, na maneno yake yanageuka matusi mbele ya macho yake. Kitabu kinaweza kumweleza dalili hizo kwa aya mbili, lakini hakiwezi kumfanya asite kufungua mlango unaofuata. Angalia pia jinsi kazi ilivyo ndogo: vyumba vichache, dakika chache, lengo moja.

NOAA, taasisi ya Marekani ya masuala ya bahari na anga, nayo ilikuwa na kisiwa ambamo mgeni alisimama ufukweni akaiona tsunami ikija, au akapanda ndege akapita ndani ya kimbunga. Hapo mahali penyewe ndipo somo.

Lugha za kigeni hufaa sana kwa sababu mwanafunzi anayeona haya kukosea mbele ya kamera huwa na ujasiri zaidi akiwa nyuma ya avata. Mahakama ya mazoezi kwa wanasheria, mahojiano ya mgonjwa na muuguzi, mazoezi ya kupokezana zamu wodini, majadiliano ya kidiplomasia, usanifu majengo ambako mwanafunzi anatembea ndani ya chumba alichokichora na kugundua kwamba dari ni fupi: vyote hivi vinastahili. Hisabati ya ubaoni, usomaji wa matini ndefu na takwimu havina sababu ya kuhamia huko.

Je, utafiti unaonyesha kwamba wanafunzi hujifunza vizuri zaidi?

Inategemea, na anayekuambia vinginevyo huenda ana kitu cha kukuuzia. Mwaka 1983 Richard Clark alitoa hoja ambayo bado inabishaniwa katika taaluma ya teknolojia ya elimu: chombo chenyewe hakileti maarifa, kinacholeta ni mbinu ya ufundishaji iliyomo. Robert Kozma alimjibu miaka ya tisini kwamba baadhi ya mbinu haziwezekani bila chombo fulani. Mimi nadhani wodi ya Yellowlees inampa Kozma nguvu, na kumbi tupu za visiwani zinampa nguvu Clark.

Utafiti mmoja ungepaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya TEHAMA. Makransky, Terkildsen na Mayer, katika makala yao ya mwaka 2019, walilinganisha wanafunzi waliofanya maabara pepe ya sayansi kwa miwani ya uhalisia pepe na waliofanya maabara hiyo hiyo kwenye skrini ya kawaida. Wenye miwani walijiona wamo ndani zaidi, lakini walijifunza machache kuliko wenzao wa skrini. Akili ilikuwa na mengi mno ya kushughulikia. Kwa hiyo mwanafunzi akikuambia kipindi kilikuwa "kitamu", shukuru, kisha mpime.

Kwa hiyo ni lazima tununue miwani ya uhalisia pepe?

Hapana. Second Life, OpenSimulator (programu huria inayofanana nayo) na majukwaa mengi yanayofunguka kwenye kivinjari hutumia skrini, kibodi na kipanya tu. Miwani ina nafasi yake pale ambapo ukubwa halisi au mwendo wa mikono ndio somo, kwa mfano anatomia. Chuo Kikuu cha Stanford kilipoendesha kozi ya Jeremy Bailenson iitwayo Virtual People mwaka 2021, wanafunzi walipewa miwani na kuitumia kwa sehemu kubwa ya kozi. Inawezekana, ila ni chuo chenye uwezo wa kumpa kila mwanafunzi kifaa.

Ukiamua kuitumia, weka vipindi vifupi vya dakika ishirini au thelathini. Kichefuchefu hutokea kwa sababu macho yanauambia ubongo kwamba mwili unakwenda huku sikio la ndani likisema umetulia. Wanafunzi wahame kwa kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine badala ya kuteleza, na siku zote pawe na njia ya kushiriki bila miwani, bila mtu kuulizwa sababu.

Mwanafunzi anahitaji kompyuta na intaneti ya namna gani?

Programu kama Second Life husukuma kadi ya picha kuliko inavyosukuma kitu kingine chochote. Kompyuta mpakato isiyo na kadi ya pekee inaweza kuiendesha ikipunguziwa mzigo. Mwelekeze mwanafunzi kwenye mipangilio ya picha: azime vivuli, ashushe umbali wa kuona hadi mita 64 au pungufu, apunguze idadi ya avata zinazochorwa kikamilifu. Hatua hizi tatu hutatua malalamiko mengi ya "inakwama-kwama" kabla hujamtuma mtu kwa fundi.

Simu janja ni shida kwa kazi ya kujenga, ingawa majukwaa ya kivinjari hukubali simu kwa kutazama na kuongea. Kama wanafunzi wako wengi wana simu tu, chagua jukwaa la kivinjari au achana na mpango huu muhula huu.

Kuna mtego mmoja ambao hautauona ukiwa nyumbani. Second Life na OpenSimulator hupitisha data nyingi kwa njia ya UDP, na mitandao mingi ya ofisini, maktabani na hata ya vyuo vyenyewe huifunga njia hiyo. Mwanafunzi ataona programu inafunguka, nenosiri linakubalika, halafu inaganda kwenye hatua ya kuingia. Atadhani kosa ni lake. Waambie watu wa TEHAMA mapema, na uwaonyeshe orodha ya milango ya mtandao (ports) inayohitajika.

Kipindi cha kwanza kiendeshwe vipi?

Kisiwe na somo. Kitenge kwa ajili ya kujua kutembea, kusikika na kukaa kitini, basi. Anayechanganya mazoezi ya vifaa na mada ya wiki huambulia patupu kwa yote mawili.

Wiki moja kabla, wanafunzi wapakue programu, wafungue akaunti na wakutumie picha ya skrini inayoonyesha avata yao imesimama mahali pa kuanzia. Picha hiyo ndogo inakuonyesha nani amekwama bila kuuliza. Kila mmoja avae hedifoni. Mmoja tu akitumia spika za kompyuta, sauti ya kila mtu itarudi kama mwangwi, na robo saa itapotea mkitafuta ni nani.

Siku yenyewe, mpokee kila mtu kwa jina pale anapotokea. Kisha wape kazi za mikono: nenda kwenye mti ule, keti, simama, mwandikie jirani ujumbe wa faragha, geuza kamera umwone mwenzako usoni. Katika Second Life kamera hugeuzwa kwa kushikilia kitufe cha Alt huku ukivuta kipanya, na asiyejua hilo atakaa muhula mzima akitazama kisogo cha avata yake. Utaona vituko. Kuna atakayepewa sanduku lenye nguo, na badala ya kulifungua atalivaa, aje darasani nalo kichwani. Mwacheni acheke na wenzake, kwa sababu kundi lililocheka pamoja hapo huongea kwa urahisi wiki inayofuata.

Usiendeshe peke yako. Mmoja afundishe, mwingine ashughulike na waliokwama, kwa maandishi, bila kukatiza. Na kila mtu awe na njia ya dharura nje ya ulimwengu wenyewe: kundi la ujumbe wa simu au kiungo cha mkutano wa video. Seva ikianguka, mnahamia huko ndani ya dakika mbili.

Darasa liwe na watu wangapi?

Kwa mazungumzo ya sauti, kumi na watano hadi ishirini na watano. Wakizidi arobaini katika eneo moja, mashine dhaifu huanza kulemewa na avata huanza kutembea kama zimelewa. Kundi kubwa ligawe kwa zamu, au litawanye kwenye maeneo jirani. Katika Second Life eneo moja ni mita 256 kwa 256, nafasi tosha ya vikundi kutosikiana.

Avata ziwe na sura gani? Naweza kuagiza wavae rasmi?

Unaweza kuagiza jina la kweli au la chuo lionekane juu ya kichwa, na hilo nalishauri kwa kozi yenye alama. Sura waachie. Watafiti Nick Yee na Bailenson walionyesha mwaka 2007 kwamba sura ya avata hubadilisha mwenendo wa mwenyewe: aliyepewa avata ndefu alijadiliana kwa ubabe zaidi kuliko aliyepewa fupi. Hilo ni jambo la kulizungumza darasani, hasa kwa wanafunzi wa saikolojia, sosholojia au biashara. Lakini hakikisha ghala la avata lina rangi za ngozi, nywele, mavazi ya staha na maumbo ya kila namna kabla ya siku ya kwanza. Mwanafunzi anayekuta sura zote za kuchagua hazimfanani ameshaambiwa kitu.

Na wanafunzi wenye ulemavu?

Hapa ndipo majukwaa mengi yanapoaibika. Programu za kusomea skrini wanazotumia wasioona haziwezi kusoma mandhari ya pande tatu, kwa hiyo mwanafunzi asiyeona huwa nje kabisa usipompangia. Kwa asiyesikia, sauti peke yake ni ukuta. Weka kanuni kwamba kila jambo muhimu linaandikwa pia kwenye dirisha la maandishi, na mtu mmoja kwa kila kundi apewe kazi hiyo kwa zamu.

Upande wa pili, kwa watu wenye ulemavu wa viungo ulimwengu pepe umekuwa na maana kubwa. Ndani ya Second Life kuna jumuiya ya Virtual Ability, ambayo kwa miaka mingi imewapokea wageni wenye ulemavu na kuwafundisha kutumia programu. Sehemu yao ya mafunzo ina njia pana na maelekezo ya hatua kwa hatua, na inafaa kuigwa na yeyote anayejenga eneo la wapya. Mpe mwanafunzi kazi mbadala yenye lengo lile lile, na uiandae mwanzoni mwa muhula badala ya kusubiri alalamike.

Tufanye nini wahuni wakivamia?

Funga eneo liwe la walioalikwa tu. Zima ruhusa ya wageni kuumba vitu. Jifunze kumtoa mtu na kumpiga marufuku, na ufanye zoezi hilo kabla ya siku utakayolihitaji. Unyanyasaji unaofanywa kwa avata umfikishe aliyeufanya kwenye taratibu zile zile za nidhamu za chuo, kwa sababu aliyenyanyaswa ni mtu. Mtu anayezingirwa na avata tatu zisizompisha huogopa kweli.

Kuhusu faragha, omba idhini kabla ya kurekodi, na usimlazimishe mwanafunzi kukubali masharti ya kampuni ya nje kama hana njia mbadala.

Nichague Second Life, OpenSimulator au jukwaa la kivinjari?

Second Life ina vitu vingi vilivyokwisha jengwa na watu wa kuzungumza nao, lakini wewe ni mpangaji. OpenSimulator, iliyoanza mwaka 2007, ni programu huria inayofanana nayo kwa sura na matumizi, na chuo kinaweza kuiweka kwenye seva yake chenyewe. Inahitaji fundi, na fundi huyo akihama kazi utajua thamani yake. Majukwaa ya kivinjari ni mepesi, mwanafunzi anabonyeza kiungo na yumo ndani, ila hayana kina cha kujengea miradi mirefu.

Kwa shughuli ya saa moja, kivinjari. Kwa mradi wa muhula, OpenSimulator kama una fundi, la sivyo Second Life.

Jukwaa likifungwa, kazi zetu zinakwenda wapi?

Zinapotea, kama hukuzitoa mapema. Google ilifungua Lively Julai 2008 na kuifunga mwisho wa Desemba mwaka huo huo. Microsoft iliinunua AltspaceVR mwaka 2017, ikaizima Machi 2023. Mozilla ilianzisha Hubs mwaka 2018, walimu wengi wakaipenda, na mwaka 2024 ikajitoa. Hubs haikufa kabisa kwa sababu msimbo wake ulikuwa huria na wengine wakauchukua. Hata lisipofungwa, masharti hubadilika: Oktoba 2010 Linden Lab ilitangaza kuondoa punguzo la nusu bei kwa taasisi za elimu. Vyuo vingi vikahamia OpenSimulator. Punguzo lilirudishwa mwaka 2013, wengi wakiwa wameshaondoka.

Kabla ya kuchagua, muulize muuzaji: nikitaka kuondoka, nitabeba nini? OpenSimulator hukuwezesha kuhifadhi eneo zima katika faili moja la aina ya OAR, ukalifungua kwenye seva nyingine likiwa na majengo yake. Katika Second Life kuhamisha ni kugumu zaidi, kwa kuwa kila kitu kina ruhusa za kunakili, kubadilisha na kugawa alizoweka aliyekiumba. Hapo kuna jambo linalowakuta wengi: mwanafunzi anajenga sehemu ya mradi kwa akaunti yake, anahitimu, na hakuna mwingine anayeweza kusogeza hata tofali. Vitu vya mradi viwekwe chini ya umiliki wa kundi tangu siku ya kwanza.

Michoro, maandishi na modeli zihifadhiwe pia nje, na kila mwisho wa muhula rekodi matembezi ya video ya kila kilichojengwa.

Natoaje alama?

Usitoe alama kwa ustadi wa kuendesha avata. Tathmini kile ambacho ungekitathmini popote: hoja iliyotolewa mahakamani, ubora wa mahojiano, uamuzi wa usanifu na sababu zake. Dirisha la maandishi huacha kumbukumbu ya nani alisema nini na saa ngapi, na hiyo inasaidia sana kugawa alama za kundi. Ongeza tafakuri fupi ya maandishi baada ya shughuli. Mtihani wa mwisho usiuweke humo, kwani huwezi kujua nani amekaa nyuma ya avata.

Nianzie wapi muhula huu?

Chukua shughuli moja ambayo sasa inakusumbua kwenye mkutano wa video, labda majadiliano ya vikundi au igizo la mahojiano. Usijenge chochote, maeneo ya wazi yenye vyumba na bustani yapo tele, na mengi huruhusu madarasa ukiomba. Tafuta kompyuta dhaifu kuliko zote miongoni mwa wanafunzi wako, omba kuitumia au umwombe mwenyewe ajaribu mkiwa wote mtandaoni. Ikipita hapo, panga vipindi viwili, cha mazoezi na cha kazi. Andika saa za kukutana kwa UTC (saa ya kimataifa) pembeni ya saa za chuo, maana ratiba ya Second Life yenyewe hufuata saa za California na kuna mwanafunzi atakayeifuata hiyo.